Mwongozo kamili: Msaidizi wa AI wa kuandika msimbo kwenye kompyuta ya mezani, hata bando likiisha

Maswali yanayotoka Mtwara mjini, Masasi, Newala na Nachingwea yanafanana mno. Mtu amesakinisha kila alichoambiwa, dirisha la mazungumzo linafunguka, anaandika swali, kimya. Au kompyuta inaganda mpaka aizime kwa kidole. Au bando linakata modeli (faili kubwa lenye akili ya msaidizi) ikiwa imeshuka nusu, anakata tamaa na kufuta vyote.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya viwili: modeli imezidi uwezo wa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), au mtu ameunganisha vipande vitatu kwa mkupuo bila kupima kimoja kimoja. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kipimo chake. Kipimo kisipopita, usisogee hatua inayofuata, maana tatizo halitajitatua lenyewe huko mbele.

Vipande vyenyewe ni hivi: Ollama, inayoendesha modeli ndani ya kompyuta yako, VS Code, unapoandikia msimbo, na Continue, ekstensheni (programu ndogo ya kuongezea ndani ya VS Code) inayounganisha hivyo viwili. Vyote ni bure.

Kwa nini tusitumie tu msaidizi wa mtandaoni? Kama una intaneti isiyokatika, tumia. GitHub Copilot ina mpango wa bure wenye kikomo cha matumizi kwa mwezi, na sitakudanganya: ina akili kuliko modeli ndogo ya kwenye meza yako. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilidorora, na kazi iliyotegemea mtandao ikalala. Halafu kuna suala la majina, simu na akaunti za benki za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) anayebandika orodha ya wanachama kwenye huduma ya nje ya nchi anajitafutia maswali. Modeli ya ndani haipeleki kitu popote.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kompyuta ya mezani yenye Windows 10 toleo la 22H2, au Windows 11.
- RAM ya GB 8 kwenda juu. GB 16 ni raha.
- Nafasi ya GB 15 kwenye diski. Iwe SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ukiweza.
- Bando la GB 4 kwa mwenye RAM ya GB 8, au GB 10 kwa mwenye GB 16.
- UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda), hata ndogo. Kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika katikati ya kusakinisha utarudia kazi.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, kama kuna wenzako wanaosubiri.

Kadi ya michoro si lazima. Kila kitu kitaendeshwa na prosesa, kwa mwendo wa pole.

Ukinunua mashine ya mtumba, angalia kizazi cha prosesa. Za Intel Core kuanzia kizazi cha nne zina maagizo ya AVX2 yanayoharakisha hesabu za modeli. Dell OptiPlex 7010 iliyozoeleka sana madukani ni ya kizazi cha tatu. OptiPlex 9020 ni ya nne. Kwa macho zinafanana, ila kwa kazi hii bora uongeze hela kidogo uchukue ya pili.

## Hatua ya 1: Pima kumbukumbu, kisha chagua modeli

Bonyeza Windows + R, andika `winver`, bonyeza Enter. Hakikisha toleo ni 22H2 au jipya zaidi.

Sasa bonyeza Ctrl + Shift + Esc, nenda "Performance", kisha "Memory". Kuna namba mbili: jumla ya RAM na iliyobaki. Inayokuhusu ni iliyobaki, iitwayo "Available". Windows yenyewe na kivinjari chenye kurasa kumi vinaweza kumeza GB 5 kabla hujaanza lolote.

Tutatumia modeli za familia ya Qwen2.5-Coder, zilizotengenezwa na Alibaba mahsusi kwa kuandika msimbo. Chagua hivi:

- RAM ya GB 8: `qwen2.5-coder:1.5b`, yenye ukubwa wa karibu GB 1.
- RAM ya GB 16: hiyo hiyo ya `1.5b` kwa kukamilisha mistari, na `qwen2.5-coder:7b`, GB 4.7, kwa mazungumzo.
- RAM ya GB 4: `qwen2.5-coder:0.5b`, karibu MB 400. Itakamilisha mistari mifupi, lakini usiitegemee kwa maelezo. Ushauri wangu ni uongeze RAM kwanza.

Ipo pia ya `3b`, na wengi wa GB 8 huirukia kwa kuwa imekaa katikati. Ina leseni tofauti na wenzake: ni ya utafiti, si ya biashara. Nyingine tatu nilizotaja zina leseni ya Apache 2.0, na unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya malipo. Kama unatengeneza mfumo wa kumuuzia mtu, iruke `3b`.

Onyo: usichague kwa tamaa. Modeli isipoenea kwenye RAM, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo ndipo kipanya kinagoma kusogea. Modeli ndogo inayojibu ni bora kuliko kubwa inayoganda, na kwa kazi za kawaida za kusoma faili na kujumlisha, ile ndogo inatosha.

## Hatua ya 2: Linda bando

Kabla ya kuunganisha hotspoti ya simu, nenda "Settings", "Network & internet", fungua mtandao uliounganishwa na uwashe "Metered connection". Bila hivyo Windows Update itajihudumia kwanza, wewe utapata mabaki. Funga pia OneDrive na michezo inayojisasisha.

## Hatua ya 3: Sakinisha Ollama

Pakua kisakinishi cha Windows kutoka ollama.com. Faili ni kubwa, matoleo ya karibuni yanazidi GB 1, kwa hiyo lipakue wakati mtandao umetulia. Lifungue, bofya "Install", subiri. Haliombi nenosiri la msimamizi, jambo la heri kwa kompyuta za maabara na ofisi.

Diski C ikiwa imejaa, amua sasa modeli zitakaa wapi. Kwa kawaida Ollama huzihifadhi kwenye folda ya `.ollama` ndani ya folda yako ya mtumiaji kwenye C (`%USERPROFILE%\.ollama`). Kuzihamishia D, fungua dirisha la amri (Windows + R, kisha `cmd`) na uandike:

```
setx OLLAMA_MODELS "D:\Ollama\models"
```

Kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya Ollama pembeni mwa saa, chagua "Quit", na uiwashe tena kutoka menyu ya Start. Usipoizima na kuiwasha haitaiona amri mpya. Modeli itaendelea kumiminika C huku ukidhani inaenda D.

Ila kama C ni SSD na D ni diski ya kuzunguka ya zamani, ziache C. Modeli husomwa nzima kutoka diskini kila inapoamka, na diski ya kuzunguka itakufanya usubiri sana.

Kipimo. Fungua dirisha jipya la amri, andika `ollama --version`. Ikitokea namba ya toleo, vizuri. Kisha fungua kivinjari, andika `http://localhost:11434`. Ukisoma maneno "Ollama is running", injini iko hewani. Anwani hiyo ni ya ndani ya kompyuta yako tu, hata bila intaneti inafunguka.

## Hatua ya 4: Shusha modeli

```
ollama pull qwen2.5-coder:1.5b
```

Andika jina kama lilivyo, pamoja na nukta pacha na kilichoifuata. Ukiandika `qwen2.5-coder` peke yake, Ollama itakuletea ya `7b`, na GB 4.7 za bando zitakwenda.

Mtandao ukikatika, usifute chochote. Rudia amri ile ile, itaendelea ilipoishia. Hili wengi hawalijui. Unaweza kushusha kidogo usiku kwa kifurushi cha usiku, ukamalizia kesho, mradi usizime Ollama wala kompyuta katikati: ikiwaka upya hufuta vipande vilivyoshuka nusu.

Kipimo. Andika:

```
ollama run qwen2.5-coder:1.5b --verbose
```

Uliza: "Andika funksheni ya Python inayojumlisha orodha ya namba." Jibu litaanza kutoka neno kwa neno. Mwishoni kuna takwimu. Tafuta mstari wa "eval rate", unaoonyesha vipande vya maneno kwa sekunde. Ikiwa zaidi ya 8 hivi, unasoma bila kero. Ikiwa chini ya 3, modeli imekuzidi au kuna programu nyingine inakula RAM. Rudi hatua ya 1. Toka kwa kuandika `/bye`.

Jambo moja litakushangaza: swali la kwanza huchukua muda, la pili linajibiwa haraka. Modeli inapakiwa kwenye RAM mara ya kwanza, kisha hukaa dakika 5 bila kuguswa ndipo itolewe. Kwa hiyo ukirudi kutoka kunywa chai ukaona ukimya wa sekunde kadhaa, hakuna kilichoharibika. Andika `ollama ps` kwenye dirisha jingine uone kama bado imo.

## Hatua ya 5: VS Code na Python

VS Code inapakuliwa kutoka code.visualstudio.com, ni kama MB 100. Chagua "User Installer". Kubali yote, songa.

Python ndiyo yenye mtego. Ukifungua kisakinishi cha kawaida ("standalone installer") kutoka python.org, ukurasa wa kwanza una kisanduku kidogo chini: "Add python.exe to PATH". Kiwekee tiki kabla ya kubofya kitu kingine. Usipoweka, ukiandika `python` Windows itakufungulia duka la Microsoft, na utadhani msaidizi ndiye mbovu.

Kipimo. Dirisha jipya la amri, `python --version`, upate namba.

## Hatua ya 6: Unganisha kwa Continue

Ndani ya VS Code bonyeza Ctrl + Shift + X, tafuta "Continue", angalia mchapishaji awe Continue, sakinisha. Alama mpya itatokea pembeni. Ibofye. Itakualika kuingia kwa akaunti. Huhitaji akaunti, pita. Mpangilio wa vitufe hubadilika toleo hadi toleo, ndiyo maana sitakuelekeza kwa vitufe. Tutaandika faili la mipangilio moja kwa moja.

Kwenye VS Code nenda "File", "Open File", na kwenye nafasi ya jina bandika:

```
%USERPROFILE%\.continue\config.yaml
```

Faili likikosekana, funga VS Code, ifungue tena, bofya alama ya Continue mara moja kisha jaribu upya. Usilitengeneze kwa Notepad: huwa inaongeza `.txt` mwishoni kimyakimya, na Continue haitaliona kamwe.

Futa yaliyomo, weka haya:

```
name: Msaidizi wa ndani
version: 1.0.0
schema: v1
models:
  - name: Qwen ndogo
    provider: ollama
    model: qwen2.5-coder:1.5b
    roles:
      - chat
      - edit
      - apply
      - autocomplete
```

Nafasi za mwanzo wa mistari zina maana. Ni nafasi za kawaida, mbili mbili, wala si kitufe cha Tab. YAML, mtindo ulioandikiwa faili hili, ni kama mizani ya ghalani, ukiongeza kidogo upande mmoja hesabu yote inakataliwa. Ukinakili kutoka WhatsApp nafasi hizo mara nyingi hupotea, kwa hiyo andika kwa mkono. Ni mistari kumi na mbili tu.

Mwenye RAM ya GB 16 anarudia kipande chote kuanzia kistari cha kwanza, anaweka `qwen2.5-coder:7b` na jina jingine, anaipa `chat`, `edit` na `apply`. Ile ya `1.5b` anaiachia `autocomplete` peke yake. Kukamilisha mistari kunahitaji haraka kuliko hekima.

Hifadhi kwa Ctrl + S.

Kwenye dirisha la Continue kuna sehemu ya kuchagua namna ya kazi. Chagua "Chat", usichague "Agent". Modeli ndogo hazimudu kuendesha zana. Zikipewa kazi ya "Agent" humwaga mabano na maneno yasiyoeleweka.

Kipimo. Zima mtandao kabisa. Chomoa waya, zima Wi-Fi. Uliza swali dogo kwenye Continue. Likijibiwa mtandao ukiwa umezimwa, kazi imekamilika na hakuna cha kubahatisha.

## Hatua ya 7: Kazi ya kweli, mizani ya korosho

Kuandika "Hello" hakupimi kitu. Tengeneza folda `D:\Kazi\mizani`, ifungue kwa "Open Folder". VS Code ikiuliza kama unawaamini waandishi wa folda hiyo, kubali. Ukikataa itaingia "Restricted Mode", ambamo ekstensheni zinaweza kuzimwa.

Tengeneza faili `mizani.csv` (CSV ni jedwali la maandishi linalotenganishwa kwa koma):

```
jina,daraja,kilo
Mkulima A,1,412
Mkulima B,2,188
Mkulima A,1,95
```

Kisha faili `malipo.py`, na juu yake uandike maoni haya:

```
# Soma mizani.csv. Jumlisha kilo za kila mkulima.
# Bei: daraja 1 ni 3000, daraja 2 ni 2000. Makato ni 200 kwa kilo.
# Chapisha jina, jumla ya kilo, na malipo baada ya makato.
```

Bei hizo ni za mfano tu, za mnada unazijua wewe.

Bonyeza Enter, anza kuandika `import`, subiri. Maandishi ya kijivu yakitokea, Tab huyakubali na Esc huyakataa. Ukitaka kipande kizima kwa mara moja, teua maoni yote, bonyeza Ctrl + I, eleza unachotaka. Kiswahili kifupi kilichonyooka modeli hizi hukielewa kiasi. Ikipotea, rudia ombi kwa Kiingereza chepesi, ila majina ya vigezo yabaki ya Kiswahili ili wewe na mwenzako myasome.

Hapa ndipo uangalifu unahitajika. Fanya hesabu kwa kalamu kabla ya kuendesha msimbo: Mkulima A ana kilo 507, anastahili 1,419,600. Mkulima B ana kilo 188, anastahili 338,400. Jumla 1,758,000.

Sasa endesha `python malipo.py`. Ukiona Mkulima A ana kilo 41295, usicheke: ni kosa ambalo modeli ndogo hulifanya mara kwa mara. Python husoma kila kitu kwenye CSV kama maandishi, na maandishi "412" na "95" yakijumlishwa yanaunganishwa tu. Dawa ni kugeuza kuwa namba, `float(mstari["kilo"])`. Mwambie msaidizi, au rekebisha mwenyewe.

Kosa hilo linaonekana kwa macho. Baya zaidi ni makato kukatwa mara moja kwa mkulima badala ya kwa kila kilo. Matokeo yanakaa kama hesabu halali, na bila kalamu hulioni. Kwa hiyo malipo ya mtu yasitoke kwa msimbo ambao hujaupima kwa mistari michache unayoijua jibu.

Kabla ya kumruhusu msaidizi kubadili faili lenye kazi, nakili folda nzima pembeni. Ukijua Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, itumie.

## Inapogoma

Dirisha linasema haliwezi kuunganishwa. Ollama imezimwa. Rudia kipimo cha `localhost:11434`.

Inasema modeli haipo. Andika `ollama list`, nakili jina kama lilivyo, ulinganishe na lililo kwenye `config.yaml`. Herufi moja inatosha kuharibu.

Mapendekezo ya kijivu mawili yanagombana. Una Copilot na Continue kwa pamoja. Zima mojawapo.

Kompyuta inanguruma na kupata moto. Prosesa inafanya kazi kwa asilimia 100, ni kawaida wakati wa kujibu. Lakini kwa hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na vumbi, feni iliyoziba itapunguza kasi ya prosesa. Ifungue, ipulize.

Majibu yanasahau ulichosema mwanzo. Umebandika msimbo mrefu mno. Teua funksheni moja yenye shida, bonyeza Ctrl + L, uliza kuhusu hiyo tu.

Mtu amekushauri uweke `OLLAMA_HOST` kuwa `0.0.0.0`. Amri hiyo inafungulia kompyuta nyingine kwenye mtandao huo huo kutumia modeli yako, na haina nenosiri. Kwenye kafe au hosteli, usifanye.

## Hatua ya 8: Mpelekee mwenzako kwa flashi

Hakuna sababu watu watano wa chuo kimoja kushusha GB 5 kila mmoja. Nakili folda yote ya `models`, yenye `blobs` na `manifests` ndani, pamoja na visakinishi vya Ollama, VS Code na Python. Ekstensheni ya Continue pia inaweza kupakuliwa kama faili la `.vsix`, ikasakinishwa kwa amri ya "Install from VSIX" kwenye menyu ya ekstensheni.

Onyo la flashi: nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Modeli ya `7b` itakataa kunakiliwa na Windows itakwambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua "Format", weka exFAT. Kumbuka hilo hufuta kila kilichomo.

Huko Newala au Liwale, mwenzako anasakinisha Ollama, anaizima kwa "Quit", anabandika folda ya `models` ndani ya `.ollama` yake, anaiwasha tena. Akiandika `ollama list` aone majina yale yale na ukubwa ule ule. Orodha ikiwa tupu, amenakili `blobs` akaacha `manifests`, au ameziweka folda ndani ya folda nyingine yenye jina hilo hilo.